Kidonda Kimepona, Mfupa Bado

Majibu ya maabara yakirudi na kusema uvimbe ulioota ndani ya mfupa si saratani, ukoo mzima hushusha pumzi. Simu zinapigwa huku na huko, watu wanamshukuru Mungu, na baada ya upasuaji mgonjwa huhesabiwa kuwa amepona siku nyuzi zinapotolewa. Furaha hiyo ni haki yao. Ila mfupa wenyewe bado haujafika huko. Ngozi hufunga kwa muda wa wiki mbili hivi, lakini mfupa uliokwanguliwa ndani huhitaji miezi, wakati mwingine hata zaidi ya mwaka, kurudisha nguvu zake. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo watu wengi huvunjika.

Makala haya nimewaandikia wale walio katika kipindi hicho pamoja na wanaowauguza: mama anayemlea mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa bega, mume anayemsaidia mkewe kushuka kitandani, kijana anayetamani kurudi kwenye bodaboda yake. Nitaeleza kwa nini mfupa unaweza kuvunjika baada ya uvimbe kutolewa, nani yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na nini kifanyike nyumbani. Jambo moja naomba likae akilini tangu sasa: maumivu huondoka kabla nguvu hazijarudi. Kwa hiyo kutosikia maumivu kusichukuliwe kuwa ruhusa ya kukanyaga. Ruhusa hiyo hutolewa na daktari aliyekufanyia upasuaji, baada ya kukupima na kutazama picha ya eksirei.

Upasuaji unaacha nini ndani ya mfupa

Mfupa mrefu, kama wa paja au wa muundi, una ganda gumu nje na uboho ndani. Ganda ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito. Ili kuufikia uvimbe, daktari hukata dirisha kwenye ganda hilo, huingiza kijiko maalumu cha kukwangulia na kuutoa wote, kisha mara nyingi hupitisha keekee ya kasi kwenye kuta za shimo ili asiache mabaki. Madaktari wengine huongeza fenoli, haidrojeni peroksaidi au naitrojeni ya kimiminika ili kuua seli zilizojificha. Baada ya hapo shimo hujazwa mfupa uliochukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, au mfupa uliotolewa na mtu mwingine, au simenti ya mfupa. Panapohitajika, chuma hufungwa kwa skrubu ubavuni mwa mfupa.

Hata kazi hiyo ikifanywa kwa ustadi wote, kwa muda fulani mfupa hubaki na upungufu wa nguvu. Fikiria mwanzi uliotobolewa ubavuni. Ukiukandamiza kwa juu unaweza kustahimili, ila ukiusokota unapasuka kuanzia pale penye tundu. Mfupa uliokatwa dirisha nao uko hivyo, kwa kuwa nguvu ya kusokota hujikusanya ukingoni mwa dirisha. Mwaka 1977 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwenye mifupa ya paja ya binadamu, wakilinganisha madirisha ya maumbo mbalimbali. Dirisha refu lenye ncha za mviringo liliuacha mfupa na nguvu zaidi kuliko dirisha lenye pembe kali, na kuongeza upana wa dirisha kuliudhoofisha mfupa zaidi kuliko kuongeza urefu wake. Umbo la dirisha ni kazi ya daktari. Kilicho mikononi mwako ni kuepuka kuusokota mguu uliopasuliwa: kugeuka ghafla huku umeukanyagia, kuruka kutoka kwenye daladala, au kuchezea mpira hata kwa dakika tano.

Mfupa gani, na sehemu gani

Hatari haifanani mwili mzima. Mfupa wa mguu hubeba mwili kila unaposimama, wakati wa mkono unaweza kuupumzisha kwa kitambaa cha kuning'iniza shingoni. Ndani ya mguu wenyewe, sehemu ya kuogopwa zaidi ni juu ya paja: shingo ya mfupa wa paja na eneo lililo chini yake kidogo. Watafiti wa Berlin wakiongozwa na Georg Bergmann waliwawekea wagonjwa nyonga bandia zenye vipimo ndani yake, wakaona kwamba mtu akitembea kawaida nyonga hubeba takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mtu alipojikwaa, mzigo uliwahi kuzidi mara saba. Hesabu hiyo ieleweke vizuri: mtu wa kilo 60 akijikwaa mlangoni, kwa muda mfupi sana nyonga yake inaweza kubeba zaidi ya kilo 400. Mfupa mzima huvumilia. Wenye shimo jipya huenda usivumilie.

Baada ya nyonga linakuja eneo la goti, hasa pale uvimbe ulipokula mfupa mpaka karibu na gegedu, ukabaki utando mwembamba wa mfupa chini yake. Hapo hatari ni ya mfupa kubonyea ndani, na ukibonyea kiungo chenyewe huharibika. Kwa upande mwingine, mifupa midogo ya vidole vya mkono hupona vizuri sana. Enkondroma ya kidole, yaani uvimbe wa gegedu ulioota ndani ya mfupa, huweza kukwanguliwa, na wakati mwingine shimo huachwa bila kujazwa kitu, na mfupa ukajijenga wenyewe.

Ukubwa wa shimo na hali iliyokuwepo kabla

Shimo la sentimita tatu kwenye paja la mtu mzima si sawa na shimo hilohilo kwenye mkono wa mtoto wa miaka tisa. Kinachohesabiwa ni sehemu gani ya upana wa mfupa imeondoka na ni kiasi gani cha ganda kimebaki kizima. Kadiri ganda lililobaki linavyokuwa jembamba, ndivyo daktari anavyoelekea kuweka chuma na kukuzuia kukanyaga kwa muda mrefu zaidi. Ukizuiwa kwa miezi mitatu wakati jirani yako alizuiwa kwa mwezi mmoja, usidhani daktari wako ni mwoga. Mashimo yenu hayafanani.

Dalili mbili za kabla ya upasuaji hazipaswi kusahaulika. Ya kwanza ni mfupa kuwa ulishavunjika kwa sababu ya uvimbe. Hilo huwatokea sana watoto wenye kivimbe cha maji ndani ya mfupa, hasa juu ya mkono karibu na bega: mtoto anarusha jiwe tu au anaanguka kidogo, mfupa unaachia, na hapo ndipo uvimbe unagunduliwa. Ya pili ni maumivu yaliyokuwa yakija kila unapokanyaga na kutulia ukikaa. Maumivu ya namna hiyo huonyesha kwamba mfupa ulikuwa umeanza kushindwa na mzigo hata kabla ya kisu kuufikia. Mweleze daktari hayo yote bila kuficha wala kupunguza.

Aina ya uvimbe

Neno "si saratani" linakusanya chini yake vivimbe vingi vyenye tabia tofauti, na kila kimoja kina namna yake ya kuuacha mfupa.

Osteokondroma ndiyo inayoonekana sana. Ni kichuguu cha mfupa kinachoota nje, mara nyingi karibu na goti la kijana anayekua. Chenye kikonyo chembamba kikikatwa hakiachi pengo kubwa, na wengi hutembea mapema. Chenye kitako kipana kikikatwa huondoka na sehemu ya ganda, na mgonjwa wake anahitaji uangalifu zaidi.

Uvimbe wa seli kubwa huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40, na hupenda kukaa kwenye goti au karibu na kifundo cha mkono. Hula mfupa kwa kiwango kikubwa, kwa hiyo shimo lake ni pana. Pia una tabia ya kurudi, na mara nyingi ukirudi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Ukirudi bila kugunduliwa, unaula mfupa uliokuwa unajijenga. Wapo wanaovunjika kwa sababu hiyo baada ya kuamini kwamba habari ya uvimbe ilishakwisha.

Osteoidi osteoma ni kivimbe kidogo sana, lakini maumivu yake ya usiku humnyima mtu usingizi. Zamani kilitolewa kwa kukata kipande cha mfupa kinachokizunguka, na kipande hicho kikitoka kwenye shingo ya paja kiliacha udhaifu mkubwa. Tangu miaka ya 1990 njia ya kukiunguza kwa sindano inayopitisha mawimbi ya redio imeenea katika hospitali zenye vifaa hivyo, na huacha tundu dogo tu. Kama unasubiri kufanyiwa upasuaji wa namna hii, uliza kama njia hiyo inapatikana katika hospitali utakayopelekwa.

Displasia ya nyuzinyuzi ni habari nyingine kabisa. Hapa mfupa wenyewe unatengenezwa vibaya, na mfupa laini unaopandikizwa mara nyingi humezwa na kugeuka kuwa mbovu kama ule wa kwanza. Ndiyo maana kwa wagonjwa wengi wa paja madaktari huegemea msumari mrefu unaopita ndani ya mfupa, na ndiyo maana mgonjwa huyu hufuatiliwa kwa miaka.

Shimo lilijazwa nini, na kuta zilitibiwaje

Ukiondoka hospitali bila kujua hili, umeondoka bila taarifa muhimu kuliko zote.

Mfupa uliopandikizwa hauna nguvu siku ya kwanza. Mwili lazima upeleke mishipa ya damu, uyeyushe ule wa zamani na kujenga mpya mahali pake, na kazi hiyo huchukua miezi mingi. Simenti ya mfupa hugeuka ngumu ndani ya dakika chache pale pale mezani, na joto lake husaidia kuua mabaki ya seli. Mwenye simenti mara nyingi huruhusiwa kukanyaga mapema. Hata hivyo simenti si mfupa. Haikui wala haijiungi upya, na mfupa unaoizunguka, hasa kwenye mpaka wake, bado unaweza kupasuka. Chuma hupunguza mzigo unaofika kwenye shimo, lakini nacho kina mahali pake pa hatari: mwisho wa chuma, pale mfupa uliofungwa unapokutana na mfupa ulio huru. Siku vyuma vikitolewa, matundu ya skrubu hubaki, na kwa wiki kadhaa mfupa hurudi kuwa dhaifu. Wengi hawaambiwi hilo, wakatoka siku hiyohiyo kwenda kubeba mizigo.

Kuhusu kuta za shimo, kinachohitaji tahadhari kubwa ni kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo ina ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri. Daktari Ralph Marcove wa New York ndiye aliyeianzisha kwa uvimbe wa mfupa katika miaka ya 1960. Iliua seli za uvimbe vizuri, lakini iliua pia seli za mfupa uliokuwa mzima, na katika miaka ya mwanzo kuvunjika kulikuwa miongoni mwa madhara yake makubwa. Uzoefu huo ndio uliowafundisha wapasuaji kujaza shimo kwa kitu kigumu na kuliimarisha kwa chuma. Mionzi nayo, pale mgonjwa alipowahi kuipata mahali hapo, huuacha mfupa ukiwa dhaifu na mgumu kupona. Taja kwa daktari kama uliwahi kupigwa mionzi, hata kama ni miaka mingi iliyopita.

Mwili wa mgonjwa mwenyewe

Watoto huponya mfupa upesi, lakini ni wao hasa wasiokaa chini. Mama aliyekwisha kukoma hedhi anaweza kuwa na mifupa iliyopungua hata kabla uvimbe haujaota. Uzito mkubwa huongeza mzigo kwenye mguu. Sigara hupunguza damu inayofika mfupani na kuchelewesha kuunga, kwa hiyo kuiacha kabla ya upasuaji na katika miezi inayofuata ni tiba halisi. Pombe huleta kuanguka. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda na mfupa pia. Dawa za steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa.

Nataka niseme waziwazi kuhusu dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa sababu watu wengi wanazitumia Afrika Mashariki. Tenofovir, iliyomo kwenye vidonge vinavyotumika sana, huweza kupunguza uzito wa mifupa. Hiyo si sababu ya kuziacha, na kuziacha ni hatari kubwa kuliko zote zilizotajwa hapa. Ni sababu ya kumwambia daktari wa mifupa, kwa siri yenu, kwamba unazitumia, ili alizingatie hilo anapopanga muda wako wa kukanyaga.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani

Iwe umetibiwa MOI Dar es Salaam, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Kenyatta Nairobi, Mulago Kampala au hospitali ya mkoa wako, una haki ya kujua kilichofanyika ndani ya mfupa wako. Omba majibu yaandikwe kwenye karatasi, kwa sababu mtu mwenye maumivu na usingizi wa dawa husahau mengi.

1. Uvimbe wangu unaitwaje, na majibu ya kipimo cha kinyama kilichotolewa yako wapi?
2. Shimo ni kubwa kiasi gani, na liko sehemu gani ya mfupa?
3. Limejazwa mfupa, simenti, au limeachwa wazi? Nina chuma ndani?
4. Naruhusiwa kukanyagia uzito kiasi gani kuanzia leo?
5. Picha inayofuata ni lini, na kitu gani kikionekana kwenye picha hiyo ndicho kitakachoniruhusu kuongeza uzito?
6. Kazi yangu ni hii, nitarudi lini?
7. Nikipata maumivu mapya usiku wa Jumamosi, nimpigie nani?

Beba picha zako zote na uzitunze pakavu. Zipige picha pia kwa simu. Ukivunjika ukiwa kijijini, daktari wa wilaya atakayeziona picha hizo atajua anashughulika na nini, na hatadhani ni mvunjiko wa kawaida.

Nyumbani, siku kwa siku

Madaktari hutumia ngazi za kukanyaga. Ngazi ya kwanza ni kutokanyaga kabisa. Ya pili ni kugusa chini kwa kidole bila kuweka uzito. Ya tatu ni sehemu ya uzito, na ya nne ni uzito wote. Kwa upasuaji wa mguu wenye shimo la kutosha, muda wa kulindwa huwa mara nyingi kati ya wiki sita na miezi mitatu, ila karatasi yako ndiyo sheria yako. Ngazi ya tatu ndiyo inayowachanganya watu, kwa sababu hakuna anayejua nusu ya uzito ikoje mguuni. Tumia mizani ya kupimia watu. Simama na magongo, weka mguu mgonjwa peke yake juu ya mizani, ukandamize polepole mpaka usome kiasi ulichoruhusiwa. Rudia mara kadhaa mpaka mwili ukizoee kiasi hicho.

Magongo yenyewe yawe na raba chini, na raba ikilika ibadilishwe. Maji ya bafuni yafagiliwe kabla mgonjwa hajaingia. Mkeka uliojikunja, waya wa televisheni, kizingiti kirefu na dera linaloburuza ni vitu vidogo vinavyoweza kumwangusha mtu. Usiku umeme ukikatika, tochi iwe kando ya mto.

Choo cha kuchuchumaa ni tatizo kubwa ambalo halizungumzwi hospitalini. Kuchuchumaa hukunja goti na nyonga mpaka mwisho, na kuinuka hulazimisha mguu kusukuma kwa nguvu huku ukijisokota. Fundi seremala yeyote anaweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati cha kuweka juu ya shimo la choo, na kazi hiyo ifanyike kabla mgonjwa hajatoka wodini. Kwa wanaoswali, dini imeruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi kwenye kiti. Hakuna sababu ya kulazimisha sijda. Kwa wanaosali kwa kupiga magoti, Mungu anasikia hata walioketi.

Bodaboda iachwe mpaka daktari aseme. Kupanda tu kunataka mguu utupwe pembeni na kusokotwa nyongani, na barabara yenye mashimo humaliza kilichobaki. Ikibidi kusafiri, tafuta bajaji au gari, ukae mahali unapoweza kunyoosha mguu. Ndoo ya maji, jembe, mtwangio na mtoto wa mgongoni viwe kazi ya mtu mwingine katika kipindi hicho. Ndugu, msingoje kuombwa, kwa sababu wanawake wengi hurudi jikoni na kisimani mapema kwa kuona aibu ya kukaa huku wengine wakifanya kazi.

Mzazi wa mtoto aombe barua ya daktari ya kupeleka shuleni: asicheze mpira, asiruke kamba, asipande mti, asishindane nguvu za mkono. Aeleze mwalimu wa darasa ana kwa ana, kwa sababu mtoto asiye na maumivu atasema amepona, na mwalimu asiyejua atamwamini.

Kulindwa hakumaanishi kulala tu. Mfupa usiotumiwa hudhoofika zaidi, na misuli ikisinyaa mgonjwa huanguka. Kaza misuli ya paja ukiwa kitandani, chezesha kifundo cha mguu, kunja na kunyoosha viungo vilivyoruhusiwa kama mtaalamu wa fiziotherapia alivyokuonyesha.

Chakula, jua na mikono ya watu

Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na kikombe kimoja cha maziwa kina karibu 300. Mtindi una sifa hiyohiyo. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina ya bei nafuu, na sukuma wiki husaidia. Mfupa hujengwa pia kwa protini, kwa hiyo maharage, mayai, samaki na nyama kidogo visikosekane. Mwili hutengeneza vitamini D kwa jua. Mgonjwa anayeshinda ndani akae uani kila siku mikono na miguu ikipata mwanga, na anayejisitiri aketi mahali pa faragha penye jua.

Jambo linalohitaji ujasiri ni kukataa kuchuliwa. Wapo wazee waliosaidia watu wengi wenye misuli iliyokaza, na heshima yao ibaki palepale. Lakini mfupa wenye shimo usichuliwe, usivutwe, wala usifungwe vijiti kwa kukazwa sana. Mwambie kwa adabu: "Babu, daktari amekataza mahali hapa paguswe mpaka mfupa ujae." Dawa kali za maumivu nazo zisitumiwe ili mtu apate kwenda shambani. Maumivu mapya ni taarifa, na ukiyazima umejinyima onyo.

Dalili za kukimbilia hospitali

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona moja ya haya: maumivu mapya unapokanyaga mahali ambapo jana palikuwa patulivu, maumivu ya usiku yanayozidi wiki hadi wiki, uvimbe unaorudi, kidonda kutoa usaha, homa, au shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma. Mguu ukivimba hivyo huenda damu imeganda kwenye mshipa, na mgonjwa huyo akianza kubanwa pumzi aende hospitali saa hiyohiyo. Mara nyingi maumivu ya kukanyaga huanza siku kadhaa kabla ya mfupa kuachia, na mgonjwa anayefika wakati huo anaweza kuongezewa ulinzi bila kuvunjika kabisa.

Ukisikia mlio wa kuvunjika, au mguu ukawa mfupi na wayo kugeukia nje, usisimame na usijaribu kuunyoosha. Fungeni mbao mbili zilizowekwa nguo laini pande zote za mguu, mkizifunga kwa kanga juu na chini ya mahali panapouma. Mgonjwa asile wala asinywe mpaka aonwe, kwa sababu huenda akahitaji upasuaji. Mpelekeni kwa gari akiwa amelala, na zile picha zake za zamani zikiwa mkononi.

Na kliniki nendeni hata mkijiona wazima. Najua nauli ni mzigo, na najua siku moja ya foleni ni siku moja ya kipato. Pale safari ni ndefu mno, muulizeni daktari kama picha inaweza kupigwa hospitali ya karibu na kutumwa kwake kwa simu. Picha ya wiki ya sita na ya mwezi wa tatu huonyesha kama mfupa unajaa. Zinazofuata huonyesha kama uvimbe unarudi. Mtu asiyepiga picha anakisia, na gharama ya kukosea ni upasuaji wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza.

Leo basi, kabla ya kulala, itafute karatasi uliyopewa hospitalini. Kama haina aina ya uvimbe, kilichojaza shimo, kiasi cha kukanyaga na tarehe ya picha inayofuata, kesho asubuhi piga simu au mtume ndugu akaulize. Magongo yasiwekwe pembeni mpaka daktari aseme.